Laptopu ya kawaida au ya gharama kwa gemu za kujiburudisha? Nimelipia ya gharama, njooni niwaambie

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salama?

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aruke hadi kwenye habari ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine), ndiyo nyama yenyewe.

Mimi si mchezaji wa kukesha. Nikitoka kazini nacheza saa moja, moja na nusu, wikiendi naongeza kidogo: mpira, GTA V, Counter-Strike, na siku nikiwa hoi kabisa, Stardew Valley, nimwagilie mazao yangu nilale. Laptopu ya zamani ilipochoka nikajisemea safari hii nanunua ya maana, yaishe. Nikachukua ya daraja la juu: bodi ya chuma, nyembamba kama daftari, kioo ambacho ukikiwasha kila aliye karibu anageuka. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu nitakayoyasema yanazihusu nyingi za aina hiyo.

Dogo, mtoto wa mama mdogo, ana ya kwake ya plastiki. Nzito kidogo, na ukikandamiza katikati ya kibodi inabonyea kama godoro. Bei yake haikufika nusu ya yangu. Ila prosesa (ubongo wa mashine) zetu zote mbili ni Core i5 za kizazi kimoja, na zote hazina kadi ya picha ya kujitegemea, zinatumia chipu ya picha iliyomo humohumo ndani ya prosesa.

Siku moja tukaziweka mezani, zote GTA V. Ya dogo ilitia huruma tangu mwanzo: kila gari likikata kona picha inashika, inaachia, inashika tena. Yangu ilianza vizuri sana. Nikacheka. Nilicheka mapema. Baada ya kama robo saa feni ikaanza kulia kama nyuki waliochokozwa, pale juu ya kibodi pakawa pamoto, na fremu (picha zinazochorwa kwa sekunde) zikaanza kushuka taratibu. Laptopu nyembamba haina pa kupeleka joto, kwa hiyo prosesa inajipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue. Nguvu niliyoinunua niliitumia robo saa tu.

Turudi kwa dogo. Karatasi ya sifa ya laptopu yake ilisema chipu ya picha ni Intel Iris Xe. Tulipofungua ile sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa, imeandikwa Intel UHD. Dogo akawa mweupe: "Bro, nimepigwa." Hata mimi niliamini kapigwa.

Kumbe hakupigwa. Hizo Iris Xe zinajitambulisha kwa jina hilo pale tu RAM inapofanya kazi kwa njia mbili. Ukiwa na RAM moja peke yake, chipu ileile inajiita UHD na inafanya kazi chini ya uwezo wake. Tukafungua mfuniko wa chini, skrubu kumi, mbili za nyuma ndefu kuliko nyingine (zipange kwa jinsi zilivyokaa, msinichekeshe baadaye). Ndani kuna sloti mbili: moja ina RAM ya GB 8, ya pili tupu, ina vumbi tu. Tukaongeza GB 8 nyingine. Unaichomeka kwa mshazari, halafu unaikandamiza chini mpaka vibano vya pembeni viitike "tak".

Tukawasha. Kioo cheusi. Sekunde zinakwenda, kioo bado cheusi, dogo ananiangalia kama nimemuua mtu. Baadaye ikawaka, mara ya kwanza baada ya kubadili RAM mashine hutumia muda kuipima. Tukaenda kwenye orodha ya vifaa: Intel Iris Xe. Hatukuweka programu yoyote wala kugusa setingi.

Sababu ni hii. Chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM ya mashine. RAM moja ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200 inapitisha data GB 25.6 kwa sekunde. Zikiwa mbili, 51.2. Prosesa inazihitaji, picha nazo zinazihitaji, na zote mlango mmoja. Ukifungua mlango wa pili msongamano unaisha.

Gemu ya dogo ikatoka fremu 30 na kushuka, ikafika 40 na kitu, na la muhimu zaidi ikatulia. Ile ya kushika na kuachia ikakoma. Robo saa ilipopita, ya kwake ya plastiki ilikuwa mbele ya yangu ya chuma.

Na kioo changu kizuri nacho kikaniadhibu. Kina pikseli (vidoti vya picha) 2880 kwa 1800. Cha dogo ni 1920 kwa 1080. Fanyeni hesabu: changu kina pikseli mara mbili na nusu ya chake, na zote lazima zichorwe upya kwa kila fremu, na chipu ya picha ni ileile. Nikashusha hadi 1920 kwa 1200 ikapumua. Sasa nalipia kioo kikubwa ili nikishushe?

Msimamo wangu: kwa gemu za kujiburudisha, chukua ya kawaida yenye sloti mbili za RAM na uzijaze. Kama gemu zako zinaikataa hiyo, usipande kwenda kwenye nyembamba ya kifahari. Iruke, nenda kwenye nene yenye kadi ya picha yake, hata kama ni ya chini kabisa katika ukoo wake.

Nawasilisha.

#2

Mkuu umetupa shule, lakini unawaonea wenye laptopu nzuri. Mimi ninayo ya chuma mwaka wa tano sasa. Bawaba hazijalegea, kibodi haijafutika herufi, betri inanipitisha siku nzima ya kazi. Za plastiki nimezika mbili, zote zilivunjika bawaba. Hilo nalo lihesabu.

#3 (mwanzisha uzi)

Nalihesabu, mkuu, na uko sahihi. Yangu pia siiuzi. Kuandika napenda kuandikia, kubeba napenda kuibeba, na filamu kwenye kile kioo ni raha tupu. Ninachokataa ni mtu kuilipia akidhani hela yake inaenda kwenye gemu. Inaenda kwenye bodi, kioo, uzito na betri. Vyote vizuri. Ila gemu haihusiki navyo, na kioo ndiyo kabisa kinaidai mashine zaidi.

Na tukubaliane neno "ya gharama" linachanganya ndugu wawili wasiofanana. Kuna gharama ya wembamba na kuna gharama ya kadi ya picha. Mtu anaenda na hela ya kadi ya picha anarudi na wembamba. Ndiyo yaliyonikuta.

#4

Swali. Nimeona laptopu mbili, zote zimeandikwa kadi ya picha RTX 4060, moja ghali zaidi. Si kadi ileile? Kwa nini nisichukue ya bei ndogo?

#5

Acha nimsaidie mwanzisha uzi kidogo. Jina ni moja, umeme ni tofauti. RTX 4060 ya laptopu inaruhusiwa kupewa kuanzia wati 35 mpaka 115, mtengenezaji ndiye anayechagua. Ya wati 35 imefungwa kwenye bodi nyembamba, ya 115 iko kwenye bodi nene yenye feni mbili za maana. RTX 3050 nayo hivyohivyo, wati 35 hadi 80. Usinunue mpaka uone idadi ya wati kwenye karatasi ya sifa. Ikiwa haijaandikwa popote, mimi huchukulia ni ndogo.

Unaweza kukuta RTX 3050 iliyoshiba umeme inakimbizana na ya juu yake iliyonyimwa.

#6 (mwanzisha uzi)

Asante mkuu, hapo umemaliza. Naongeza moja tu: kumbukumbu ya kadi yenyewe. RTX 3050 nyingi za laptopu zina GB 4, RTX 4050 ina 6, RTX 4060 ina 8. Kwa gemu za mashindano hata 4 inatosha. Kwa zile kubwa zenye dunia pana, GB 4 zikijaa, gemu inaanza kuazima RAM ya mashine na unarudi kwenye shika-achia ya dogo.

Na mjue ukizichomoa kwenye chaja, laptopu za kadi ya picha zinapungua nguvu sana. Betri haiwezi kutoa umeme ule. Kwa hiyo kama ndoto yako ni kucheza umelala kwenye kochi bila waya, jiandae kuikaribisha waya. Chaja lenyewe ni tofali.

#7

Mnaongea habari za watu wakubwa humu. Sisi wa mpira na Valorant tunahitaji nini? Mtupe majina ya gemu, siyo wati.

#8 (mwanzisha uzi)

Haki yako, ndugu. Nilitakiwa kuanzia hapo.

Valorant ni rahisi kupindukia. Kiwango chake cha chini kinataja Intel HD 4000, chipu ya picha ya mwaka 2012, na RAM GB 4. Laptopu yoyote ya kawaida ya miaka hii inaicheza. Ila ukiwa Windows 11, ule ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu unadai TPM 2.0 na Secure Boot (vipengele vya usalama vya mashine) viwe vimewashwa, kwa hiyo ikikataa kufunguka usikimbilie kulaumu mashine, ingia kwenye setingi za BIOS (zile za kabla Windows haijawaka) kwanza.

League of Legends, Minecraft ya kawaida bila vikorombwezo, Stardew Valley, GTA San Andreas, zote hizo kawaida inatosha na chenji inabaki. Football Manager haijali sana kadi ya picha, inakula prosesa na RAM. Nina rafiki alinunua mashine ya kadi kubwa kwa ajili ya Football Manager. Tunamstahi, hatumwambii kitu.

Counter-Strike ndiyo ilituacha wengi njiani. CS:GO ilikuwa inakubali mashine yoyote. Septemba 2023 ikaja Counter-Strike 2 kuchukua nafasi yake, ikataka RAM GB 8 kwa uchache na nafasi ya GB 85 kwenye diski. Laptopu ya kawaida yenye RAM mbili inaicheza ukishusha setingi, lakini ukitaka ushindani wa kweli hapo kadi ya picha inaanza kuwa na maana.

Mpira: EA Sports FC 24 ilitaja GTX 1050 Ti yenye GB 4 kama kiwango cha chini, na GB 100 za diski. Bila kadi ya picha mnaingia kwa kubembeleza, setingi chini, pikseli chini, na uwanja unaonekana kama umepakwa rangi ya maji. Inachezeka, nimecheza, lakini nikifungwa nilikuwa na kisingizio.

Cyberpunk 2077 na wenzake, msijaribu kwenye ya kawaida. Siku hizi inadai kadi yenye GB 6, RAM GB 12 na SSD (diski ya kasi), na hapo ni kiwango cha chini.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia laptopu andika gemu tano utakazocheza kweli. Siyo ulizoziona kwa watu. Za kwako.

#9

Mimi niliingia mkenge wa aina nyingine. Niliona imeandikwa Ryzen 5 na namba inaanzia 7000, nikajua ni ya kisasa. Gemu hazichezeki kabisa. Ni 7520U.

#10

Pole sana mkuu, hiyo namba imewatesa wengi. 7520U na 7840U zote ni za ukoo wa 7000 na ukiziangalia haraka unaona ndugu. Ya kwanza ndani yake ina usanifu wa Zen 2, wa zamani, na chipu ya picha Radeon 610M yenye vitengo 2 tu vya kuchora picha. Ya pili ina Zen 4 na Radeon 780M yenye vitengo 12. Vitengo 2 dhidi ya 12, mkuu. Ya pili unacheza GTA V bila kadi ya picha na unafurahi. Ya kwanza ni ya kuandikia barua.

Tena kwenye 7520U RAM imechomelewa kwenye bodi, hivyo ile dawa ya mwanzisha uzi ya kuongeza RAM haikuhusu.

#11

Hivi si kuna kucheza kwa intaneti, gemu inakimbia huko kwenye kompyuta za kampuni, wewe unaletewa picha tu? Mbona hamtaji? Ukiwa nayo hata Celeron (prosesa ya bei ya chini kabisa) inatosha.

#12 (mwanzisha uzi)

Ipo na inafanya kazi, nimeijaribu. GeForce Now kwa mfano inataka intaneti ya Mbps 15 kwa picha ya 720p na 25 kwa 1080p, fremu 60. Lakini kasi peke yake haitoshi, utulivu ndio wenyewe. Kasi ya 50 inayoyumba ni mbaya kuliko 20 iliyotulia. Nikicheza gemu za taratibu sikuona tofauti. Nikiingia kwenye za kupiga risasi, nabonyeza leo, jamaa anaanguka kesho.

Na hiyo ya Celeron kuwa inatosha, sitamshauri mtu. Zile za chini kabisa zinakuja na eMMC (hifadhi ya polepole) ya GB 64. Windows 11 yenyewe inadai GB 64 kama kiwango cha chini. Sasa wewe utakaa wapi? Ninaposema "ya kawaida" sizungumzii hizo. Nazungumzia Core i5 au Ryzen 5 ya miaka ya karibuni (ya 7520U tumeshaizika), SSD ya GB 512, sloti za RAM zinazofikika.

#13

Na wenye MacBook je? Nimeambiwa chipu za M ni moto wa kuotea mbali.

#14 (mwanzisha uzi)

Chipu ni kali kweli, hatubishani. Shida ni gemu zenyewe. Valorant haipo kwenye Mac. Counter-Strike 2 haipo. EA Sports FC haipo. Ukiwa na orodha yako ya gemu tano na nne hazifunguki, ukali wa chipu utakusaidia kuhariri video. Kwa kazi zako nunua, kwa gemu angalia orodha kwanza.

#15

Nina swali la kioo. Muuzaji amenishikilia nichukue cha 144Hz. Kuna faida kwenye laptopu isiyo na kadi ya picha?

#16

Kwenye gemu, ndogo. Kioo cha 60Hz kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, cha 144Hz mara 144. Kama mashine inatoa fremu 45, hizo mara nyingine 99 zinasubiri nini? Kwa Valorant utakayoipata na fremu zaidi ya 100, sawa, utaona ulaini. Kwa GTA V sahau. Mimi ningempigia muuzaji kelele za rangi badala ya Hz. Vioo vingi vya bei ya chini vimeandikwa NTSC 45%, rangi zake zimepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia, na hutaweza kuvirekebisha kwa setingi.

#17

Mwanzisha uzi, nina hela ya kati. Haifiki ya kadi kubwa, inazidi ya kawaida. Nasoma pia, nabeba mgongoni kila siku. Nishike wapi? Usinizungushe.

#18 (mwanzisha uzi)

Sikuzungushi. Tafuta yenye Radeon 680M au 780M, au Core Ultra yenye Intel Arc, RAM GB 16 au zaidi. Hizo ni chipu za picha za ndani lakini zimekua. Hakikisha tu RAM ni za njia mbili, maana hata hizo zikiwekewa moja zinalemaa, na kama imechomelewa kwenye bodi chukua ya kutosha siku ya kwanza kwa sababu hutaongeza. Haitakuvunja mgongo, chaja ni dogo, na gemu zako za kawaida utacheza. Usiende kwenye uzito wa kadi ya picha kwa ajili ya saa moja ya jioni huku mabega yanalia mchana kutwa.

Kingine: ukishainunua, jaribu gemu kwenye Steam bila hofu. Wanarudisha hela kama umeomba ndani ya siku 14 na hujacheza kufika saa 2. Washa kaunta ya fremu, cheza nusu saa mfululizo, siyo dakika tano. Dakika tano zilinidanganya mimi.

#19

Wakuu, nilikuwa najiandaa kuuza laptopu yangu niongezee ninunue mpya. Nimesoma #1 nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, nikaingia sehemu ya utendaji, nikagusa kumbukumbu. Pale chini imeandika sloti zinazotumika ni 1 kati ya 2. Miaka mitatu nimekaa nayo hivi! Sasa niongeze GB 8 au 16?

#20 (mwanzisha uzi)

Ni DDR4 au DDR5? Palepale kuna kasi yake, nipe namba hiyo. Sloti zake haziingiliani, usinunue kwa kubahatisha. Kama iliyomo ni GB 8, weka 8 nyingine ya kasi ileile. Izime kabisa, chomoa chaja, na hizo skrubu za nyuma uziweke kando.

#21

DDR4, 3200. Bisibisi ninayo. Ikiwaka kioo cheusi narudi hapa na wewe.

#22 (mwanzisha uzi)

Subiri dakika mbili kwanza, ndiyo urudi na mimi.